Kaburi la Dereva wa Klinka

Saruji ilifika kwa Asekenye kabla ya mwanawe aliyeituma. Pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Malaba ilipanda kijia cha Adungosi ikilalamika, ikaingia uani na kutawanya kuku, na dereva wake akaanza kushusha mifuko hata salamu hajaimaliza.

"Ni ya Phanuel, mama. Imelipwa yote. Niweke wapi?"

"Weka mahali siioni."

Yule bwana alidhani ni utani. Akacheka, akaipanga yote mbele ya mlango wa sebule, akaondoka zake. Asekenye alibaki ameitazama mifuko hiyo kwa jicho lile analomtazamia mgeni aliyekuja na mkoba mkubwa. Kisha akaingia ndani, akatoa turubai, akaifunika isinyeshewe. Hasira ni hasira, lakini mali ya mtoto haiachwi ikaharibika.

Saruji hiyo ilikuwa ya kaburi la mumewe, Otukei. Upande huo, mtu akishazikwa, udongo huachwa utulie kwa muda wa kama mwaka mmoja. Halafu watoto hukusanyika, katekista huja kuomba, na kaburi hujengwa: zege juu, vigae kwa mwenye uwezo, msalaba na jina. Zamani mtu alipimwa kwa ng'ombe wake. Siku hizi watu wanapita njiani, wanachungulia juu ya ua, wanaona babako amelala chini ya nini, na hapo wamekwisha kukupima. Kaburi la udongo mtupu husemekana ni la mtu asiye na watoto.

Otukei alikuwa na watoto, na Phanuel, kifungua mimba wake, alikuwa msimamizi wa mijengo Nairobi. Mtu wa mijengo, babake alale chini ya udongo? Hilo lingekuwa neno la kuchekesha soko zima, kuanzia Adungosi mpaka Chakol.

Lakini Otukei mwenyewe aliikataa saruji. Aliikataa kwa kinywa chake, akiwa na akili zake timamu, na aliyesikia alikuwa Asekenye peke yake.

Ndoa yao, ukitaka kusema kweli, ilikuwa ndoa ya foleni. Otukei aliendesha lori la klinka kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Klinka ni vile vidonge vya kijivu, vigumu kama kokoto, vinavyopatikana mawe ya chokaa yakishachomwa tanurini. Ukivisaga ndipo unapata saruji. Otukei alivipakia kule bara kwenye tanuri, akavivusha mpaka wa Malaba, akavimwaga kwenye kiwanda kimoja upande wa Uganda, akarudi kuchukua vingine. Nyumbani kwake palikuwa hapo hapo kando ya njia yake, lakini tajiri wake hakuruhusu lori lisimame mahali pasipo na idhini. Kwa hiyo alipita. Alipofika kwenye kona ya Adungosi alipiga honi mara moja ndefu na mara mbili fupi, na Asekenye alitoka jikoni mbio, akapunga mwiko, na lori likapotea.

Ila foleni ikikwama, mambo yalikuwa mengine. Malori yalijipanga kutoka mpakani yakarudi nyuma hadi yasipoonekana mwisho wake, na madereva walishinda hapo wakitukana mtandao, forodha na siku walizozaliwa. Asekenye hakumtukana mtu yeyote. Redio ikitangaza kwamba malori yamekwama Malaba, yeye alikuwa tayari shambani anachuma kunde. Alizipika kwa njugu zilizosagwa, akasonga ugali wa wimbi, akafunga kikapu, akaenda kumtafuta mumewe katika ule msururu. Walikula wawili chini ya trela, kivulini, Otukei amekalia dumu la maji na yeye amekalia kanga yake. Hapo ndipo walipozungumza habari za ada, za ng'ombe, za nani amekufa. Watu wote wa mpakani waliomba foleni iishe. Asekenye aliomba iongezeke, na Mungu amsamehe kama kuna mizigo iliyoozea humo kwa sababu ya sala zake.

Ni chini ya trela hilo ambapo Otukei alimwambia klinka inavyotengenezwa.

"Unaona hii?" alimwambia siku moja, kidonge kimoja kiko kiganjani. "Ilikuwa jiwe, na hilo jiwe ilikuwa mlima. Nilipoanza hii kazi, pale tunapakia kulikuwa na mlima mbele yangu. Saa hii naona mpaka ng'ambo."

"Mlima umeenda wapi?"

"Ingine iko kwa manyumba za watu. Ingine imeenda juu. Jiwe ukilichoma hivyo linatoa pumzi, mama Phanuel. Karibu nusu ya uzito inapanda tu hewani. Na bado hujahesabu makaa ya kulichoma, usiku na mchana, moto hauzimwi. Halafu watu wanauliza mbona mvua siku hizi inakuja kama mwizi."

Asekenye alimwambia ale kunde zitapoa. Lakini maneno yale yalimkaa, na kila alipoona mtu anakoroga zege alifikiria jiwe linalotoa pumzi.

Miaka ya mwisho kitu kilibadilika. Foleni zilikuwa zimepungua tangu ofisi za forodha za nchi mbili ziwekwe pamoja, kwa hiyo ile siku moja moja ya kukwama ilikuwa dhahabu. Ndipo Asekenye akaanza kufika na kikapu chake na kumkuta utingo, Duncan, peke yake kwenye usukani, akilisogeza lori hatua kwa hatua.

"Mzee ametoka kidogo," Duncan alisema, macho yakiwa yameelekea Uganda.

"Ametoka ameenda wapi?"

"Hapo tu, mama. Anarudi saa hii."

Otukei alirudi jua likiwa limeshuka, amechoka, majivu kwenye nyusi na udongo mwekundu chini ya kucha. Alisema alikuwa anamsaidia mwenzake kutengeneza gari. Asekenye alimpa chakula kilichopoa, akafunga kikapu. Alijua yanayosemwa kuhusu madereva, kwamba kila kituo wana nyumba na kila nyumba ina sufuria. Hakuwahi kudhani maneno hayo yangemfikia yeye.

Halafu figo zikamshinda Otukei. Siku za mwisho, hospitalini, alimshika mkewe mkono akamwambia, "Msinimwagie simiti. Nimeibeba maisha yangu yote, sitaki kuibeba tena nikiwa nimelala." Asekenye alipomwuliza basi mvua itamfanyaje, alisema, "Nenda Budalang'i. Uliza Awino. Atakuonyesha."

Hayo ndiyo yaliyokuwa ya mwisho. Jina la mwanamke. Asekenye alimzika mumewe, akalia kama wajane wote wanavyolia, na watoto aliwaambia nusu ya kwanza ya maneno hayo. Nusu ya pili aliimeza. Hakutaka kwenda kuonyeshwa nyumba nyingine, yenye sufuria nyingine na pengine watoto wenye paji la uso la Otukei. Na alimkumbuka mno. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi, kwamba alikuwa anamshuku mtu na bado akilala anapapasa upande wake wa kitanda. Honi yoyote ya lori ikilia barabarani, mkono wake uliuendea mwiko.

Sasa kaburi lilikuwa limeanza kubonyea. Mvua za mwaka ule zilikuwa kali, udongo ulishuka katikati ukatengeneza kidimbwi, na ndama wa shemeji yake, Mzee Ochom, alikuwa akija kunywa maji humo. Asekenye alimfukuza ndama kila asubuhi. Kila asubuhi pia aliona kwamba lile tuta la kaburi limekuwa fupi kidogo, na alianza kuogopa kwamba siku moja atatoka na asijue mumewe yuko wapi hasa.

Jioni ya siku ile saruji ilipoletwa, Phanuel alipiga simu.

"Mama, umeona mzigo? Jumamosi nakuja na fundi. Tunamwaga slabu, tunaweka vigae, katekista anaomba, tunamaliza hiyo maneno."

"Nilikwambia babako alikataa."

"Alikuwa mgonjwa, mama."

"Alikuwa mgonjwa wa figo. Hakuwa mgonjwa wa kichwa."

Phanuel alivuta pumzi. Si mtoto mbaya. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga nyumbani, lakini hela za dawa na za mbegu zilifika bila kuulizwa. "Sawa. Tuseme alikataa. Sasa wewe unataka tuweke nini? Maana Baba Mdogo Ochom ameniambia hapo pamekuwa kisima cha ng'ombe. Niambie kitu ingine itazuia maji, mimi nitaleta."

Asekenye alifungua kinywa. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi.

"Unaona?" alisema Phanuel kwa upole. "Jumamosi, mama."

Alikaa na simu mapajani, akiitazama turubai. Kama angeendelea kunyamaza, Jumamosi Otukei angelala chini ya kitu alichokikataa, na mwenye kumtia humo angekuwa mkewe kwa sababu ya wivu. Jambo hilo lilimkaa kifuani kama kipande cha muhogo kisichoshuka. Asubuhi alivaa gauni lake la kanisani, akajifunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kugombana kwa heshima, akapanda gari la Busia, na Busia akaunganisha la Budalang'i.

Nchi ile ilikuwa tambarare na yenye maji, tofauti na kwao. Mitaro ilikatiza mashamba ya mpunga, na nyumba nyingi zilikuwa na mstari wa matope ukutani unaoonyesha mto Nzoia ulifika wapi mara ya mwisho ulipofurika. Hakuhangaika sana kumpata Awino. Mtu wa boda boda aliyemwuliza alisema, "Awino wa tofali?" akamshusha kwenye kiwanja kilichozungushiwa ua wa matete, ambapo akina mama kadhaa walikuwa wanachekecha udongo.

Awino alikuwa mwanamke mnene, mzee kuliko Asekenye, na meno ya mbele alikuwa ameyaaga siku nyingi. Asekenye alimtazama mara moja na sehemu kubwa ya ugomvi aliotoka nao nyumbani ikakosa mahali pa kukaa.

"Mimi ni mke wa Otukei," alisema hata hivyo, kwa ukali. "Dereva. Wa Adungosi."

Awino aliweka chekecheo chini. "Ni wewe mama ya kunde?"

"Kunde gani?"

"Huyo mzee alikuwa anatumaliza na hizo kunde zako! Anafanya kazi saa moja, anaanza: lazima nirudi, mke wangu ameleta kunde Malaba." Awino alicheka, kisha cheko likamkauka. "Tulisikia ameenda. Pole sana, dada yangu. Tulikungoja. Tukasema labda hutaki kutuona."

Asekenye alitafuta jibu la uongo, akalikosa. "Sikutaka," alisema.

Awino hakuuliza kwa nini. Alimshika mkono akampitisha kiwanjani. Palikuwa na pipa la chuma lililotobolewa matundu pande zote, na ndani yake maganda ya mpunga yalikuwa yakiungua polepole bila kutoa ndimi za moto. Kando yake palikuwa na mapipa mengine ya majivu.

"Haya maganda, mashine za mpunga zilikuwa zinayatupa barabarani," Awino alisema. "Yanaoza, yananuka. Wengine wanayapiga kiberiti, moshi mtupu. Sasa siku moja mzee wako aliambiwa avukie Busia badala ya Malaba, foleni ikakwama, akapita hapa kutafuta mchele, akatuuliza tunayafanyia nini. Anasema kule anamwaga klinka, akingoja zamu amesikia mainjinia wakisema majivu ya maganda haya yanashika kama simiti, ukiyachoma vizuri. Yasikuwe meusi, yakuwe hivi, rangi ya kijivu kama manyoya ya kanga. Tunayatwanga laini, tunachanganya na udongo na simiti kidogo, kidogo tu kama chumvi kwa mboga, tunashindilia kwa mashine ya mkono. Tofali halichomwi. Hakuna mti umekatwa."

"Yeye ndiye aliwaambia haya?"

"Alituletea maneno. Kuharibu tumeharibu wenyewe, mwaka mzima! Ya kwanza yalikuwa yanavunjika kama mandazi ya jana. Yeye alitoboa hilo pipa, tukaendelea pamoja mpaka yakakubali." Awino alisimama. "Na akawa anakuja. Kila foleni ikikwama, anaachia kijana wake lori, anaruka boda mpaka huku. Si kutusaidia sisi. Alikuwa anashindilia yake."

Alivuta nailoni nzee iliyokuwa imefunika kitu pembeni mwa ua. Chini yake palikuwa na rundo la matofali yaliyopangwa kwa unadhifu, mekundu yenye ukungu wa kijivu, kila moja lina alama ubavuni. Safu za chini zilikuwa na mstari wa matope makavu.

"Mto umeyapanda mara mbili," Awino alisema. "Hayajamumunyuka."

Asekenye aliinama. Alama ile ilikuwa ya pembe sita, na aliijua. Ilikuwa ya nati ya tairi, ile ambayo Otukei aliifunga kwenye funguo zake tangu lori lake la kwanza. Alikuwa ameigandamiza kwenye kila tofali likiwa bado bichi.

"Yalikuwa ya nini?"

"Ya nyumba yako. Alisema akistaafu anakujengea chumba na baraza inaangalia barabara, ndio msikae tena chini ya lori. Lakini kwa simiti ya mifuko hakutaka. Alisema ameuona ule mlima ukiisha, hawezi kukulaza ndani yake. Akaambia sisi tusimwambie mtu, anataka akushtue."

Asekenye aliingiza kidole katika alama ile ya pembe sita. Kilienea. Na badala ya furaha aliyodhani angeisikia, ya kujua kwamba hapakuwa na mwanamke wala sufuria nyingine, alisikia hasira ikimpanda mpaka masikioni.

"Hayo masaa yalikuwa yangu," alisema.

Awino aliiachia nailoni chini.

"Foleni ilikuwa yangu! Sikuwa na siku nyingine naye. Jumapili hana, Krismasi hana, mtoto akizaliwa yuko njiani. Nilikuwa na foleni tu. Nakuja na kikapu nakuta Duncan, na yeye yuko huku anafinyanga udongo. Nani alimwambia nataka baraza? Mimi nilikuwa nataka yeye. Hapo chini ya lori palinitosha."

Kisha akalia. Hakuwa amelia hivyo tangu mazishi, na hata siku ya mazishi alilia akijua anatazamwa. Sasa alilia kwa sababu alimtaka mume wake, na jasho lake la dizeli, na namna alivyolamba vidole kabla ya kusema asante. Wale akina mama wengine waliendelea kuchekecha udongo wakiwa wamegeuza nyuso zao. Awino alikaa naye chini mpaka akamaliza.

"Tulimwambia," Awino alisema baadaye. "Tulimwambia, mzee, nenda kwa mke wako, tofali tutakushindilia. Alikataa. Alisema lazima yawe ya mkono wake."

"Ndivyo alivyokuwa," alisema Asekenye, akipenga kamasi. "Kichwa ngumu."

Matofali hayakutosha nyumba, wala hayakukaribia. Yangetosha jiko dogo. Yangetosha pia kuzunguka mahali pa mtu mmoja kulala, na kubaki machache. Walipokubaliana hivyo, Awino alimpigia simu Duncan, ambaye siku hizi alikuwa na lori dogo la kubeba mchanga na samaki, naye Duncan akaahidi kuyafikisha Adungosi kesho yake, Ijumaa. Akina mama walimfungia Asekenye mfuko wa majivu yaliyotwangwa, na Awino akamwambia yanavyochanganywa.

Ijumaa alasiri alikuwa jikoni, uji uko motoni. Honi ikalia kwenye kona. Mara moja ndefu, mara mbili fupi.

Miguu yake ilikuwa imekwisha kutoka kabla akili haijaamka. Alikimbia uani, mwiko mkononi, uji unadondoka, kitambaa kimeanguka, na moyo unamwambia waziwazi kwamba amerudi, kwamba foleni imemleta. Alifika langoni akaona lori dogo la bluu na Duncan akiwa kwenye usukani, ameacha mkono juu ya honi kama mtu aliyekumbuka kitu ghafla.

"Mama, samahani," Duncan alisema. "Ni mazoea. Hapa mzee hakuwahi kupita bila kupiga. Mkono imejipeleka yenyewe."

Asekenye aliegemea nguzo ya lango mpaka pumzi zikamrudia. "Usiombe msamaha," alisema. "Ukipita tena, piga."

Phanuel alifika Jumamosi asubuhi, fundi nyuma yake na vigae kwenye buti ya gari. Mzee Ochom alikuwa amekwisha kuketi kitini amevaa koti, tayari kusimamia heshima ya ndugu yake. Wote watatu walilitazama lile rundo la matofali karibu na kaburi.

"Hii ni nini sasa?" aliuliza Phanuel.

Asekenye alimweleza. Alimweleza yote safari hii, pamoja na nusu aliyoimeza, na kwa nini aliimeza. Haikuwa rahisi kumwambia mtoto wako wa kiume kwamba ulimshuku babake, na mbele ya shemeji tena, lakini alisema.

Mzee Ochom alikohoa. "Maneno ni mazuri, shemeji. Lakini watu watasema Otukei amezikwa na udongo na majivu, kama jiko."

"Watasema," alikubali Asekenye. "Wamesema mengi."

Phanuel hakuwasikia. Alikuwa ameokota tofali moja, kama mtu wa kazi yake. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, akalisikiliza. Aliliinua mpaka kifuani akaliachia lianguke, na fundi akaruka nyuma. Halikupasuka. Alipoinama kuliokota ndipo akaiona alama ubavuni, na akabaki ameinama.

Alitia mkono mfukoni akatoa funguo za gari lake. Nati ya tairi ilikuwa inaning'inia hapo, imelainika kwa kushikwashikwa. Aliichukua kwenye vitu vya babake siku ya mazishi. Aliiingiza katika lile shimo la pembe sita. Ilikaa barabara. Aliitoa, akaiingiza katika tofali la pili, na la tatu, na kila mara ilikaa barabara. Fundi alitaka kusema kitu, Asekenye akamkataza kwa jicho.

"Alikuwa ananiambia ako foleni," Phanuel alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya msimamizi wa mijengo. "Kila nikipiga simu. Niko foleni, nitakupigia."

"Hata mimi," alisema Asekenye.

Basi kazi ilifanyika, wakimngoja katekista aje kuomba jioni. Fundi alichimba msingi mwembamba kuzunguka kaburi, akatumia saruji kidogo kushikanisha safu ya kwanza, na mfuko mmoja haukuisha. Mifuko mingine ilibaki chini ya turubai. Mzee Ochom aliizunguka mara mbili tatu, kisha akasema kwamba ikiwa haitakiwi na mtu, yeye choo chake kiko katika hali mbaya sana, na ingekuwa dhambi kitu kama hicho kugandia bure. Asekenye alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Phanuel alisema itarudi dukani, na Baba Mdogo atajengewa choo cha tofali za Awino. Ochom alinung'unika, lakini hakukataa.

Katikati walijaza udongo mpya na kuushindilia mpaka kidimbwi kikatoweka. Matofali yaliyobaki yaliwekwa kando, yakawa kiti kidogo kinachoelekea barabara. Juu ya kaburi hapakumwagwa kitu. Asekenye alikoroga udongo wa kichuguu cha mchwa, samadi na yale majivu ya Budalang'i kwenye karai, akapandisha mikono ya gauni, akapiga magoti na kuanza kusiriba, kiganja baada ya kiganja, kama alivyosiriba kuta za nyumba ya kwanza aliyoletwa alipoolewa. Baada ya muda aliona mikono mingine karibu na yake. Phanuel alikuwa amevua saa, suruali yake nzuri iko kwenye matope.

"Sivyo," Asekenye alimwambia. "Usisukume. Vuta kuja kwako."

Alivuta kuja kwake. Walifanya kazi bega kwa bega, na Asekenye aliona kwamba kisogo cha mwanawe kimeanza kuota mvi mahali pale pale palipoanza kwa babake.

"Mama, hii itakaa muda gani?" Phanuel aliuliza. "Ukuta sawa, huo umesimama. Nasema hii ya juu."

"Mpaka mvua ya mwezi wa nne."

"Mvua ya mwezi wa nne tu? Si simiti ingekaa miaka! Unamwaga mara moja, umemaliza."

"Ndiyo."

"Na hii ikiharibika, halafu?"

Asekenye alipitisha kiganja juu ya udongo mbichi, akaulainisha mahali ambapo ulikuwa umekwisha kulainika.

"Halafu utakuja," alisema.

Barabarani malori yalikuwa yameanza kusimama moja nyuma ya lingine, kuelekea Malaba, na madereva walikuwa wanazima injini. Phanuel alichota udongo mwingine kwenye karai, akauliza kama nyumbani bado kuna kunde.

"Ziko," alisema mamake.